Feni Isiyoamsha Mtoto

Da Munira akiwasha mashine yake ipike picha, nyumba nzima inajua. Sitii chumvi. Kuna siku kaka Albano wa chumba cha nne alitoka bafuni na taulo kiunoni, akasimama uani anaangalia juu, eti anatafuta helikopta. Mama mmoja alikuja kununua mkaa kwa jirani, akauliza, "Jamani, hapa siku hizi mnasaga unga?"

Hatusagi unga. Dada yangu anachora mapambo ya harusi kwa kompyuta. Mpambaji anamletea vipimo vya ukumbi, dada anaujenga ukumbi wote mle ndani, anaweka jukwaa, mapazia, maua, kiti cha bibi harusi, taa. Halafu anaiambia mashine, haya, pika. Inapika nusu saa, siku nyingine saa nzima, na ikimaliza unapata picha utasema mtu kasimama mlangoni mwa ukumbi na kamera. Mashangazi wa bibi harusi wanaletewa picha, wanagombana rangi mpaka wachoke, ndiyo mpambaji anaenda kununua vitambaa. Zamani walikuwaga wanagombana siku yenyewe, bibi harusi yuko ndani ya gari anasubiri.

Kinachopika hiyo picha ni kadi ya grafiksi. Ni kidude kipana kama daftari, kinalala ndani ya boksi la kompyuta, kikifanya kazi kinapata moto kama pasi. Juu yake kina feni mbili ndogo za kukipooza. Sasa hizo feni ndiyo zenye yowe.

Na nyumba yetu ya Mbagala ni ile ya korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, haina silingi bodi. Kuta zinaishia kwenye boriti, juu bati tupu. Ukipiga chafya chumba cha kwanza unaombewa dua chumba cha sita. Mie na dada tuna chumba na sebule, mashine iko sebuleni, ila hata ukiiweka chumbani, hata uifunike mto, sauti inapanda juu, inatembea kwenye bati, inawashukia wapangaji wote kwa usawa bila upendeleo.

Watu walikuwa wanavumilia. Mpaka Jumatatu ile Bi Mauwa alipotuita uani.

Bi Mauwa ndiye mwenye nyumba. Tulimkuta anachambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo Bi Mauwa."

"Marahaba wanangu. Kaeni. Tunu kajifungua."

Tunu ni binti yake, kaolewa Kigamboni. Dada akaruka. "Alhamdulillahi! Kapata nini?"

"Dume." Akatabasamu mpaka meno ya nyuma yakaonekana, halafu akalirudisha tabasamu ndani. "Jumapili wanamleta. Arobaini zake atakaa hapa kwa mama yake, nimkande, nimnyweshe uji wa pilipili manga, arudi kwa mumewe yuko mzima. Chumba kile."

Akaonyesha kwa kidole chenye punje ya mchele. Chumba kile ukuta wake ndiyo ukuta wa sebule yetu.

"Sasa Munira, mwanangu, mie na kazi yako sina ugomvi. Lakini lile dude likilia vile kichanga kitashtuka mpaka kitapike. Mpaka Jumapili, ama limenyamaza, ama limetoka."

"Bi Mauwa, si nitakuwa naiwasha mtoto akiwa macho?"

"Kichanga kinakuwa macho saa ngapi? Kikiamka kinanyonya, kikimaliza kulala ni mama yake analala. Utaiwasha lini?"

Nikaona niingilie. "Sasa Bi Mauwa, tutaipeleka wapi?"

"We Mudathir si ndiye mwenye simu inayojua kila kitu? Iulize."

Dada akarudi ndani. Akakaa mbele ya mashine iliyozimwa, akawa anaifuta vumbi kwa pindo la dera. Mie najua alikuwa anafikiria nini. Aliacha kazi ya kuuza kwenye duka la vitambaa kwa ajili ya ile mashine. Tulikuwa mfungo mosi, Idi imepita juzi, harusi zinapishana barabarani kama bodaboda, na mpambaji wake wa Temeke alikuwa na harusi sita zote zinasubiri picha. Mashine ikitoka Mbagala hana pengine pa kuiweka. Picha zisipotoka, mpambaji anatafuta mtu mwingine, na dada anarudi kukata mita za watu.

"Lakini siyo mashine inayolia," akasema ghafla. "Ni feni. Feni ndogo, ili ipoze, lazima ikimbie. Kubwa inazunguka pole pole na inapoza vile vile. Tunang'oa hizi, tunaweka kipoozeo kingine."

Basi hapo mie nikapata kazi. Nikaangalia video kumi na moja mfululizo, simu ikawa ya moto kuliko kadi. Jumatatu hiyo hiyo kabla ya magharibi nilikuwa profesa wa feni. Dada yeye alichukua karatasi nyeupe, akaibandika mgongoni mwa kadi, akasugua na penseli mpaka vitundu vinne vya skrubu vikatokea kwenye karatasi, kama fundi cherehani anavyokata patani. "Kipoozeo kisipolingana na hivi vitundu hakiingii," akasema. "Hiyo ndiyo ya kwanza. Uzuri baadaye."

Jumanne tukaenda Buguruni kwa Apolinari. Huyu ni braza mmoja wa Bukoba, mrefu, shati limechomekewa hata jua liwake vipi. Ana fremu ndogo karibu na njia panda, anauza viungo vya kompyuta zilizokufa. Mlangoni ameandika kwa rangi nyekundu HAPA HATUDANGANYI.

Akapokea ile karatasi, akaishika kwa mikono miwili kama hati ya kiwanja. "Sista, wewe ni mteja. Wengine wanakuja hapa wananiambia naomba feni ya kompyuta, kompyuta gani, eti nyeusi."

Akaleta vipoozeo vitatu vilivyolingana na vitundu. Cha kwanza kilikuwa chembamba, feni tatu ndogo, na zikizunguka zinawaka taa, bluu, zambarau, kijani, daah! Cha pili kilikuwa cha maji, kina mipira miwili na kipampu. Cha tatu, samahani kwa kusema, kilikuwa kibaya. Bonge la mapezi ya alumini kama rejeta ya gari, feni mbili kubwa za rangi ya chai ya maziwa iliyopoa, hakina hata taa moja.

Apolinari akaviunga kwenye betri la bodaboda, kimoja kimoja, tukasogeza masikio.

Sasa hebu elewa tulipokuwa tumesimama. Kulia kwetu spika ya muuza dawa inasema yenyewe bila kuchoka, mende, panya, kunguni, viroboto, utitiri, mende, panya, kunguni. Kushoto makonda wanaita abiria. Nyuma yetu jamaa anajaribu redio ya gari kwa singeli. Nikaweka sikio kwenye kile chenye taa mpaka feni ikanipuliza nywele.

"Unaisikia?" dada akaniuliza kwa kupayuka.

"Sisikii kitu!"

"Na mie sisikii! Lakini naona kama hili bonge..."

"Da Munira, lina rangi ya chai! Hii hapa haisikiki, ina taa, imelingana vitundu, unataka nini tena?"

Ndiyo hivyo. Watu wawili wenye akili zao timamu walienda kupima ukimya Buguruni. Tukakilipia, tukaondoka tunacheka.

Alasiri dada akakifunga. Akawasha, akaiambia mashine ipike. Taa zikawaka vizuri kweli, sebule ikawa kama ukumbi wa sendofu. Dakika ya kwanza kimya. Dakika ya pili kadi ikapata joto, feni zikaongeza mwendo, ikaanza: nyiiiiiiiiiiiii. Nyembamba, kali, inaingia sikio hili inachungulia lile.

Uani tukamsikia Bi Mauwa: "Munira! Umefuga mbu?"

Dada akaizima, akaniangalia. Hakunitukana. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Jumatano asubuhi tukawa wa kwanza kufika Buguruni. Apolinari akatusikiliza, akakiunga kipoozeo kwenye betri, akainamisha kichwa na lile shati lake.

"Inalia wapi?"

"Si hiyo hapo inalia, braza!"

"Mimi sisikii."

Na kweli, hata sie tulikuwa hatusikii. Mende, panya, kunguni, viroboto. Apolinari akamwita muuza kahawa, "Mzee wangu, njoo weka sikio hapa, unasikia kelele?" Mzee akaweka sikio, akatikisa kichwa. Akaitwa konda. Akaitwa muuza dawa mwenyewe, akaacha spika ikiendelea, akaweka sikio, akasema, "Kaka, hii feni ni bubu." Watu saba waliweka sikio, wote saba wakaapa hawasikii. Mmoja akaongeza kwamba haoni hata kwa nini tunamsumbua mfanyabiashara mwaminifu.

Mie jasho linanitoka. Nikafungua simu, nina app ya kupima kelele. Nikaisogeza kwenye feni, ikaandika themanini na sita. "Unaona! Themanini na sita!"

Apolinari akazima feni. Simu ikaandika themanini na sita.

Watu wakacheka mpaka muuza kahawa akaweka birika chini.

Dada ndiye aliyetulia. "Braza Apolinari, mlangoni umeandika hamdanganyi."

"Sidanganyi, sista."

"Sisemi umetudanganya. Hapa wote hatusikii, wewe wala mimi. Twende mahali penye kimya, tuvipime vyote vitatu. Kama hiki hakilii, naondoka nacho na nakuomba radhi mbele ya hawa watu saba."

Apolinari akakaza mkanda. "Na kama kinalia, nakibadilisha palepale. Lakini kimya kiko wapi? Mimi nyumbani kwangu ukuta mmoja na baa."

Tukaanza kutafuta kimya cha Dar kama watu wanaotafuta chumba cha kupanga. Msikitini? Utaingiaje na betri la bodaboda. Maktaba? Kule ukipumua kwa nguvu unaangaliwa. Hospitali? Utamwambia nesi nini? Muuza kahawa akapendekeza makaburini, tukamshukuru.

Jioni hiyo nikawa namsimulia kaka Albano uani, yeye anafua ovaroli lake. Albano kwao Songea, anafanya kazi kwenye yadi ya makontena Kurasini, anakagua yanayoingia na kutoka. Akaacha kufua.

"Kuna kontena la baridi pale, la samaki. Mota yake imeng'olewa, linasubiri matengenezo. Kuta zake nene hivi," akaonyesha kiganja na nusu, "zimejaa sponji ile ngumu ya kuzuia joto. Ukivuta mlango, lori linapita pembeni unalihisi tu kwenye miguu, sikio halina habari. Ngoja nimuombe msimamizi. Saa ya chakula forklifti zinasimama."

Msimamizi alicheka, akakubali. Alhamisi saa saba tukawa getini Kurasini, mie, dada, na Apolinari kavibeba vipoozeo vyake kwenye kiroba cha mchele, betri mkononi, shati limechomekewa. Tukavalishwa vile vikoti vya kung'aa. Nikapiga selfi, dada akasema tukirudi bila feni atanikumbusha hiyo picha.

Kontena lilinuka samaki wa miaka yote. Albano akabaki nje. "Navuta mlango tu, komeo sigusi. Mkichoka gongeni."

Mlango ukaja. Nyie! Sijawahi kusikia kitu kama kile, yaani sijawahi kutosikia. Nilikuwa nasikia saa ya Apolinari mkononi mwake. Nilisikia dada anameza mate. Apolinari mwenyewe akanong'ona, "Eeh, kumbe dunia iko hivi." Nikawasha tochi ya simu, nikafungua app. Ishirini na tisa.

Apolinari akaunga kile chenye taa. Nyiiiiiiiii.

Tochi ilikuwa usoni kwake, kwa hiyo niliona. Mabega yalishuka. Akakisikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayesikiliza kosa lake likisomwa, halafu akachomoa waya.

"Sista, kinalia. Naomba radhi mimi."

"Hukujua, braza. Endelea na hivyo vingine."

Cha maji kilikuwa na feni nzuri, ila kile kipampu kilikuwa kinaguguma, glu, glu, glu, kama tumbo la mtu kwenye hotuba ndefu. Cha tatu, lile bonge la rangi ya chai, kikatoa sauti ya chini, huuu, kama mtu anapuliza uji kwa mbali.

Mie nikaangalia simu. Chenye taa kilipata thelathini na saba. Bonge likapata thelathini na nane.

"Da Munira, subiri! Namba inasema chenye taa kina kelele ndogo. Moja tu, lakini ndogo."

"Namba ya nani?"

"Ya simu!"

"Simu yako inalala chumba cha Tunu?"

"Siyo hivyo, lakini kipimo ni kipimo..."

"Mudathir, mbu na feni ya pangaboi, kipi kinakunyima usingizi? Mbu ana namba ndogo. Sauti nyembamba inachoma. Hii nene inapita tu." Akageuka kwa Apolinari. "Tufanye hivi. Mie natoka. Mlango uachwe wazi kiganja kimoja, kama pale juu ya ukuta wetu. Nasimama hatua kumi, nimewapa mgongo. Wewe washa unachotaka, usiniambie kipi. Nikisikia nanyoosha mkono."

Akatoka. Albano akakaa mlangoni, akawa ndiye macho yetu. Yadi ilikuwa imetulia, madereva wanakula wali maharage kivulini.

Apolinari akawasha chenye taa. "Kanyoosha," Albano akasema hata kabla sijahesabu mbili.

Cha maji. Tukasubiri. "Kanyoosha. Sasa kashusha. Kanyoosha tena." Lile glu glu lilikuwa linamfikia kwa vipande.

Apolinari akaniangalia, akaweka bonge, huuu. Kimya. Albano anaangalia mgongo wa dada, anatuangalia sie, anaangalia mgongo wa dada. Dada kasimama, mikono imelala ubavuni, upepo unacheza na mtandio. Nikahesabu mpaka sitini. Dada akaanza kupiga mguu chini.

"Jamani, betri limekwisha?" akauliza bila kugeuka.

Apolinari alipiga kofi kwenye ukuta wa kontena mpaka nikaziba masikio. Dada akaja mbio, akaingiza kichwa, akaiona feni ya rangi ya chai inazunguka taratibu bila haraka na mtu. Akaishika mbavu kama anambeba mtoto.

"Hili," akasema. "Hili baya hili."

Apolinari alibadilisha palepale, akatuongezea na kibomba kidogo cha dawa nyeupe ya kupaka kati ya kadi na kipoozeo, ili joto lipite. Akakataa kushukuriwa. Alichoomba ni Albano ampe namba ya msimamizi, kwa sababu tangu siku hiyo anataka wateja wake wawe wanapimia pale.

Kufunga tulifunga Jumamosi mchana, maana Ijumaa umeme ulikuwa unacheza. Dada akafuta dawa ya zamani kwa spiriti, akaweka mpya tone dogo kama punje ya mchele, akakaza skrubu kwa kupishanisha kona, kidogo huku kidogo kule. Bonge lilipoingia likamaliza nafasi yote. Mfuniko wa boksi ukakataa kufunga. Dada akasema basi litakaa uchi. Na lilikuwa zito, kadi ikaanza kuinama, tukaiwekea nguzo ya kipini cha mwiko uliovunjika. Kikaenea utafikiri kilichongwa kwa kazi hiyo.

Akabonyeza kuwasha. Feni za bonge zikaanza kuzunguka, ila kioo kikabaki cheusi.

Akazima. Akawasha. Cheusi.

Dada akainama juu ya kadi, akawa anagusa skrubu moja moja. Kesho ni Jumapili. Kama kadi imekufa, hakuna cha kunyamazisha wala cha kutoa. Mie nikafungua simu, nikaanza kuandika kioo cheusi baada ya kubadilisha, mtandao unazunguka, unazunguka.

Albano, aliyekuwa anachungulia mlangoni, akauliza kwa upole, "Huo waya unaoning'inia hapo ni wa urembo?"

Tukaangalia. Waya wa umeme wa kadi ulikuwa unaning'inia pembeni, haujachomekwa. Dada akauchomeka. Kioo kikawaka. Akakaa chini sakafuni, akacheka mpaka machozi, mie nikafuta nilichokuwa naandika.

Jumapili saa nne bajaji ikasimama nje, Bi Mauwa akapiga vigelegele mtaa mzima ukatoka. Tunu akashuka taratibu, kajitanda kanga mbili, mtoto kafungwa kama mkate uliotoka kwa muokaji. Tukampa hongera, tukachungulia: kauso kadogo, kamekunja ndita kama karani. Wakaingia chumba kile. Kufika saa tano, tukasikia mama kalala, mtoto kalala. Nyumba yenyewe ndivyo ilivyo, unasikia watu wakilala.

Dada akavuta pumzi, akafungua ukumbi wa harusi ya kwanza ya mpambaji, akabonyeza. Pika.

Tukakaa, mie kwenye kochi, yeye kwenye stuli, wote tunaangalia ukuta. Dakika tano. Kumi. Kwenye kona ya kioo joto la kadi linasoma sitini na sita. Zamani dakika kama hizo ilikuwa themanini na nne na nyumba nzima inalalamika. Kumi na tano.

Pazia la mlango likasogea. Bi Mauwa, kanga begani, anatembea kwa vidole.

"Nakushukuru mwanangu," akanong'ona, "umeiheshimu siku ya leo. Ila kazi nayo kazi. Kesho tutaijaribu, tuone."

"Inafanya kazi sasa hivi, Bi Mauwa."

"Mnanidanganya mtu mzima."

"Wallahi inapika."

Bi Mauwa akasogea, akainama juu ya lile boksi lisilo na mfuniko. Hakuamini macho. Akachukua pindo la kanga yake, akalisogeza polepole kwenye feni. Pindo likapepea. Akalirudisha, akalisogeza tena, likapepea tena. Akatega sikio mpaka hereni ikagusa kipini cha mwiko.

"Loh," akasema. "Kweli iko hai."

"Ikae?" dada akauliza. Nilisikia sauti yake imekuwa ndogo.

"Ikae, itoke iende wapi?" Halafu akainua macho kwenye kioo. Picha ilikuwa inajitokeza vipande vipande, jukwaa, maua meupe, mapazia ya dhahabu yanashuka kama maji. Bi Mauwa akasahau alichofuata. Akavuta stuli, dada akabaki amesimama kwake mwenyewe.

"Hii ndiyo kazi unayofanya humu?"

"Ndiyo, Bi Mauwa."

"Miaka miwili nasikia kelele tu, sijui inachotoa! Sasa nisikilize. Arobaini ya mjukuu wangu nafanya hapa uani, maulidi, watu mia. Nichoree uani kwangu. Turubai hapa, jukwaa pale karibu na bomba, na mapazia nataka ya zambarau."

"Zambarau kwa mtoto wa kiume, Bi Mauwa?" Mie huyo, mdomo haujawahi kunisaidia.

"We Mudathir, unajua nini wewe?"

"Mie naona kijani na nyeupe, maulidi..."

"Kijani wamefanya akina Mwanahawa mwaka jana, nimuige Mwanahawa? Zambarau!"

"Bi Mauwa, labda zambarau iliyopauka kidogo," dada akajaribu.

"Iliyopauka? Mjukuu wangu apauke? ZAMBARAU, nimesema, na zile taa za kuning'inia, na kiti cha Tunu kiwe na mgongo mrefu kama cha..."

Upande wa pili wa ukuta kikalipuka kilio: ngaaaa! Ngaaaa! Ngaaaa!

Wote watatu tukaiangalia mashine. Mashine inapika zake, huuu, hata haijui kama kuna jambo.

Kutoka upande wa pili Tunu akaita kwa sauti ya usingizi, "Mama! Nani huyo kamwamsha mtoto?"

Mie na dada tukageuka polepole, tukamwangalia Bi Mauwa.

Bi Mauwa akasimama, akajitanda kanga yake vizuri, akaenda mpaka mlangoni kwa vidole vile vile alivyojia. Hapo akageuka, akamnyooshea dada kidole, akanong'ona:

"Zambarau."